Taa Zisizozimika

Tulimchoma Mzee Balwant siku ya Jumanne asubuhi, hapa Nakuru, kwa desturi ya Masingasinga, na kabla ya saa sita tulikuwa tumeketi sakafuni kwenye hekalu lao, vichwa tumefunika, viatu tumeviacha barazani, tukila dengu na chapati. Mimi kukaa chini sijawahi kuweza. Siku hizi nasingizia magoti, lakini hata nilipokuwa msichana mwenye magoti mazuri nilikuwa mtu wa kuinuka, kuzunguka, kurudi na kuinuka tena. Nilikuwa nikijipinda huku na huku nikitafuta pa kuweka miguu nilipomwona Ouma, mistari miwili mbele yangu, amevaa shati jeupe, ndevu zimeingia mvi, akikata chapati kwa mkono mmoja taratibu, vile vile alivyokuwa akikata ugali. Zaidi ya miaka kumi na tano nilikuwa sijamtia machoni. Chapati ilinikwama, na sisemi hivyo kwa kupamba, ilinikwama kweli, mpaka mama aliyekuwa akigawa maji akanipiga mgongoni.

Afadhali niseme mapema, maana nikianza kuzungukazunguka sitasema kabisa. Mwaka wa 2007 nilifunga taa kwenye boti aliyokuwa akiiendesha Ouma katika Ziwa Naivasha. Nilizifunga kwa namna niliyoiona mimi kuwa ya akili, na kwa sababu hiyo mke wake, Atieno, akapoteza jicho. Ouma alipokuja dukani nilikofanya kazi kuuliza ni nani aliyeamua zifungwe vile, mwenye duka, Mzee Balwant, alisema ni yeye. Haikuwa yeye. Mimi nilikuwa nyuma ya kabati, hatua tano kutoka waliposimama, nikasikia kila neno, nikanyamaza. Nimeendelea kunyamaza hadi Jumanne ile ya chapati.

Habari za kwetu nitaziruka, hazisaidii hapa. Naanzia dukani kwa Mzee. Kilikuwa chumba kirefu chembamba, mbele kaunta, nyuma meza ya kazi, katikati kabati la droo ndogondogo lililokaribia kugusa dari. Tulitengeneza stata, dainamo, mota za pampu, chochote chenye waya. Mle ndani mlinuka vanishi na risasi ya kulehemu mpaka ikifika saa kumi, ambapo mke wake alituma chai kwenye chupa, chai ya tangawizi na iliki na pilipili manga, tukainywa kwenye vikombe vya chuma vilivyochoma midomo. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Mteja akinikuta peke yangu aliuliza, "Fundi ako wapi?" Nikisema ni mimi, alitazama saa yake na kuamua kungoja. Mzee hakuwa hivyo. Aliniacha nifungue mashine za watu, nikosee, nizifunge tena. Aliniita beti, yaani binti, na kila wiki aliniambia neno lile lile: "Beti, wewe mkono mzuri sana. Lakini roho yako iko mbele ya mkono." Nilicheka. Nilidhani ananisifu kwa kasi.

Oktoba ilileta kazi ya Naivasha. Kambi moja ya wageni kando ya ziwa ilikuwa na boti sita za kuwatembeza watalii na kuwavusha wafanyakazi, na asubuhi moja yenye ukungu boti mbili zilikwaruzana, mgeni akaingia majini na kamera yake. Mwenye kambi akataka taa mpya kwenye boti zote. Boti ya maji makuu au ya ziwa dogo, sheria ni moja: nyekundu kushoto na kijani kulia, zote mbili ndani ya taa moja ya mbele, na nyeupe nyuma, ili mwenzako ajue unaelekea wapi. Zile zilizokuwepo zilikuwa za balbu, na balbu zilikula betri hadi injini ikakataa kuwaka, kwa hivyo manahodha wote sita walikuwa wamezing'oa waya kimyakimya. Mzee akaagiza za LED kupitia kwa mpwa wake aliyekuwa Uingereza. Siku hizo sisi LED tuliijua kwenye tochi ya simu tu. Zilipofika, nikashika ya kwanza na kuiunga kwenye betri kama nilivyounga balbu maishani mwangu mwote, bila kujali waya gani inaenda wapi. Haikuwaka. Nikaigonga. Nikaipuliza. Nikamwambia Mzee mpwa wake ameuziwa takataka. Akaja na chai yake mkononi, akabadilisha waya mbili, taa ikamchoma kila mtu macho. "Hii si balbu," akasema. "Balbu inasamehe. Hii kama ulikosea, inakaa kimya tu." Kisha akanipa pakiti ya swichi sita. "Kila boti swichi yake. Sawa?" Nikasema sawa nikiwa tayari mlangoni.

Kwa miezi miwili nilipanga chumba Karagita, mtaa wa kando ya ziwa, kwenye ploti ya mabati yenye vyumba kumi na bomba moja. Chumba kilitosha kitanda, ndoo na mimi, mradi mmoja wetu asisogee. Ukuta wa kati ulikuwa mbao, na upande wa pili waliishi Ouma, nahodha wa boti nambari tatu, na mke wake Atieno, aliyekuwa akifunga maua kwenye mashamba ya huko. Siku ya kwanza Atieno alinitazama nikichemsha maji kwa jiko la kuazima, akaninyang'anya sufuria. "Wewe kula kwetu. Fundi wa kike akifa na njaa kwa hii ploti watasema ni sisi." Tangu hapo nilikula kwao. Alipika samaki wa ziwani kwa nyanya nyingi na binzari, ugali mgumu, na mboga chungu aliyoilainisha kwa maziwa, na mimi niliyelelewa kwa githeri ya mahindi na maharagwe, na kwa viazi, nilijifunza kumtoa samaki mwiba kwa ulimi. Walinitania. Nilikula nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda chao, kijiko mkono mmoja, bisibisi mkono mwingine. Na usiku ukiingia nilisikia maongezi yao kupitia mbao, si kwa kutega sikio, mbao ndizo zilizokuwa nyembamba. Walizungumza lugha yao na Kiswahili kwa zamu. Jioni moja nilimsikia Atieno akisema, "Huyu Wambui yetu ni kama mtu ameitwa na mwingine huko nje." Ouma akajibu, "Na akienda huko atasikia anaitwa hapa." Wakacheka. Nilijifunika blanketi nikitabasamu, kwa kuwa alisema Wambui yetu.

Boti ya kwanza niliyomaliza ilikuwa ya Ouma. Niliweka swichi, kama nilivyoambiwa. Siku ya tatu nikaikuta ikirudi wakati wa magharibi, giza linaingia, bila taa hata moja. Niliteremka hadi gatini nikiwa nimefura.

"Ouma, taa ziko wapi?"

"Nimezima, madam. Nalinda betri."

"Hizi hazikuli betri! Ukiwasha wiki nzima, injini haitajua!"

"Najua umesema. Lakini mkono umezoea." Akanionyesha mkono wake, akiutikisa kama wa mtu mwingine. "Unaona? Unazima wenyewe."

Wenzake walicheka, na kicheko kile ndicho kilichoniudhi. Usiku huo sikulala vizuri. Nilijiona nimepewa kazi ya kuwafanya waonekane na wao wameamua kujificha. Asubuhi nikaing'oa swichi ya Ouma. Nikaunga taa moja kwa moja na ufunguo wa injini, ili ukiwasha injini, taa ziwake, na hakuna mkono wowote uliozoea utakaofanya chochote. Waya nikazipitisha ndani ya paipu ya plastiki, nikaigandisha kwa gundi toka nyuma hadi mbele, kazi safi ambayo ningeonyesha mtu yeyote. Boti tano zilizobaki nikazifanya hivyo hivyo. Mzee alinipigia simu Jumamosi. "Swichi umeweka?" Nikamwambia nimeweka. Pakiti ilikuwa mfukoni mwa ovaroli yangu, naishika nikiongea. Nilidanganya kwa wepesi kwa sababu niliamini baadaye nitamwonyesha jinsi nilivyowaweza manahodha, naye atafurahi.

Na kwa kitambo ilikuwa furaha. Desemba boti zilirudi jioni moja baada ya nyingine, rangi zao zikitetemeka juu ya maji, na watu wa Karagita waliteremka kutazama. Atieno alikuja na leso mabegani akitoka kazini. Ouma alikuwa amenisihi nikamfungia taa ya mbele juu kidogo kuliko za wengine, na Atieno aliijua kutoka mbali. "Ile ya juu ndiyo bwana yangu," alikuwa akiwaambia watu asiowajua. Nadhani hakuna kazi yangu iliyowahi kupendwa na mtu kama alivyoipenda ile. Nilirudi Nakuru kabla ya Krismasi na mfuko wa samaki waliokaushwa, tukaahidiana kuonana baada ya kura ya mwisho wa mwezi.

Yaliyofuata baada ya kura kila mtu wa Bonde la Ufa anayo yake, na sitaki kuyasimulia yote kana kwamba ni yangu. Matokeo ya urais yalikataliwa, watu wakageukiana kwa kabila, Mzee akafunga duka. Mimi nilizunguka chumbani kwangu, kutoka dirishani hadi mlangoni, redio ikisema mambo na majirani wakisema mengine. Kwanza Nakuru ilikuwa kimya, halafu haikuwa kimya. Mwishoni mwa Januari tukasikia Naivasha. Tukasikia wanawasaka watu wa kabila la akina Ouma, na waliokuwa wakiwasaka walizungumza lugha yangu, ile ninayoiotea ndoto. Nilimpigia Ouma simu mpaka kidole kikauma. Haikuingia. Nilijiambia ana boti. Nilijituliza kwa hilo, kwamba ana boti nzuri, na nilipojiambia hivyo ndipo nilipoikumbuka boti yenyewe.

Ouma alikuja dukani Februari, siku chache baada ya Mzee kufungua. Alikuwa akitoka hospitali, na kabla ya hapo kambi ya waliofurushwa. Nilikuwa nyuma ya kabati natafuta brashi za stata kwenye droo. Nilimtambua kwa sauti, nikashindwa kutoka.

"Tulijificha kwa mafunjo tangu mchana," alimwambia Mzee. Hakukaa kiti alichopewa. "Nilingoja giza. Nilijua hizo taa zitawaka, kwa hivyo ya nyuma nikafunika na ndoo, ya mbele Atieno akafunika na leso yake. Tukaanza na kasia, polepole. Halafu nikasikia watu kwa gati wanapiga kelele, wametusikia. Nikawasha injini. Boti ikaruka, leso ikaanguka kwa maji. Mzee, giza yote hiyo, na sisi tunang'aa. Mawe yakaanza kuja kwa ile taa, kwa sababu hawaoni kitu ingine. Atieno akainuka aifunike na mikono."

Nilisikia kikombe kikiwekwa.

"Jicho ya kushoto imeenda. Na mimi sikuweza kuzima! Natafuta waya nikate, waya iko ndani ya paipu, paipu iko na gundi. Nikizima injini tunabaki hapo hapo. Nataka kujua kitu moja. Nani aliambia huyo msichana wako afunge taa zisizimike? Ama walijua? Ama hao watu walikuwa wamepanga kutoka kitambo?"

Nilikuwa nimeshika droo. Nakumbuka lebo yake, nakumbuka mwandiko wa Mzee. Ningepiga hatua tano.

"Mimi ndiyo nilisema," Mzee akajibu. "Yeye alitaka kuweka swichi. Mimi nikakataa."

"Basi Mungu anakuona, mzee," Ouma akasema, na nikasikia mlango.

Mzee alikuja nyuma ya kabati, akanikuta nimekaa sakafuni. Hakunipigia kelele. Nilitaka anipigie. Nilimuuliza kwa nini amesema vile, naye akafuta miwani kwa pindo la shati. "Mimi iko mzee, Singasinga, nina duka. Akinichukia mimi, anachukia mtu moja. Akikuchukia wewe leo, atachukia watu ngapi?" Akavaa miwani. "Lakini hii ni ya leo tu, beti. Siku yako itakuja, wewe mwenyewe utasema."

Kwa wiki mbili mke wake alipika dengu na wali, na Mzee akaupeleka mkebe mwenyewe hospitali alikolazwa Atieno. Nilimsindikiza hadi lango la hospitali, nikazunguka huko nje kati ya wauza machungwa. Aliniambia Atieno anakula lakini anageukia ukutani yeye akiingia. Alinieleza hivyo kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Machi akanituma Naivasha na swichi tano, boti nambari tatu ikiwa haijapatikana, na nikazifunga zote kwa siku moja bila kuinua kichwa. Nilipita kwenye ploti. Chumba cha Ouma kilikuwa na mtu mwingine, mwanamke mchangamfu aliyenisalimu kwa lugha yangu, akipika sukuma wiki kwenye jiko la Atieno. Jiko hilo nililijua kwa mguu wake uliokuwa umefungwa waya, waya niliyoifunga mimi. Nilimwitikia salamu yake. Nikaenda zangu.

Ouma na Atieno walienda kwao, upande wa Homa Bay, na Mzee ndiye aliyekuwa akiuliza habari zao kwa simu ambazo mara nyingi zilikatwa. Nami siku yangu niliingoja ije. Nikafungua karakana yangu, nikaolewa, nikaachika, nikafundisha wasichana kulehemu, na kila mwaka niliona bado haijafika. Najua sasa kwamba haikuwa inakuja kutoka mahali popote. Nilikuwa mwepesi kwa kila kitu duniani ila hatua tano zile.

Tulikutana kwenye bomba la kunawia mikono. Ouma ndiye aliyeniona kwanza.

"Wambui? Si ni wewe?"

"Ni mimi."

"Umezeeka, madam."

"Na wewe je? Hizo ndevu ni za nani?"

Tulicheka, tukashikana mikono yenye maji. Kisha akatazama nyuma, ukumbini, ilipowekwa picha ya Mzee. "Huyo mzee nilimkasirikia miaka yote. Akipiga simu, nakata. Mwaka jana Atieno akaniambia, hebu twende tumwambie yameisha, tulale. Tukasema Krismasi. Tukasema Pasaka. Sasa tumekuja kumsamehe akiwa jivu."

Hapo ndipo nilipoona walikuwa wamefunga safari ya siku nzima kumsamehe mtu asiyewakosea.

"Ouma, haikuwa yeye," nikasema. "Alinipa swichi. Aliniambia niweke. Mimi ndiye niliyeing'oa yako kwa sababu ulikuwa unazima, na nikamdanganya kwa simu kwamba zipo. Hakuna mtu alinituma. Hakuna mtu alipanga. Nilitaka tu mnitii."

Bomba lilikuwa wazi, maji yanamwagika na hakuna anayenawa.

"Na siku ile nikiongea na yeye, ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya kabati."

Akalifunga bomba. Aliifuta mikono yake kwenye suruali, mmoja baada ya mwingine. "Mimi usiniambie kitu tena," akasema. "Mwenye jicho ako nje, kwa viatu."

Atieno alikuwa kwenye benchi la barazani, mkoba magotini, amekwisha kuvaa viatu. Amenenepa kidogo. Nilitoka kwa mlango wa pembeni, upande wake wa kushoto, na kabla ya kumfikia vizuri, kabla ya salamu, kabla miguu haijageuka kwenda langoni, nikasema yote kwa pumzi moja: swichi, paipu, gundi, simu ya Jumamosi, kabati, miaka yote hii. Nilisema naomba msamaha nikaona neno lenyewe ni dogo, nikalisema tena. Yeye alikuwa akitazama mbele, kwenye safu za viatu vya watu, wala hakugeuka. Nilifikiri hajasikia. Nikafikiri amesikia.

"Hiyo ni sauti ya Wambui," akasema mwishowe.

"Ndiyo, Atieno."

Alinyanyua mkoba wake kutoka magotini, akauweka chini, akapapasa benchi upande wake wa kulia.

"Huko sikuoni," akasema. "Kuja upande huu, halafu useme tena."